Macho Yanayopita Juu ya Kioo

Jumamosi ile Phelista alifika kanisani saa nane mchana akakuta mlango uko wazi kabisa, umezuiwa na jiwe. Hiyo ilikuwa amri ya Pasta Mukhisa. Kijana na msichana wakifanya kazi ya kanisa wakiwa wawili, mlango usifungwe, na jiwe la kuuzuia liwe kubwa. Jiwe lilikuwa limekaa pale mwaka mzima. Lilikuwa limewaona wakicheka, wakinyamaza, wakiangaliana na kugeuza macho. Kama lingeitwa kutoa ushahidi, lingesema hawakugusana hata siku moja.

Kibe alikuwa amesimama juu ya kiti karibu na dirisha dogo la juu, lile linaloelekea mnara wa simu. Mkononi alishika modemu, kale kadude ka intaneti kadogo kama kiberiti, na waya wake mrefu ulishuka ukutani mpaka kwenye kompyuta.

"Niambie taa ni rangi gani," alisema bila kugeuka.

"Nyekundu."

"Sasa?"

"Bado nyekundu."

Akanyoosha mkono hadi juu kabisa, akaigeuza modemu pole pole kama mtu anayetafuta stesheni ya redio.

"Hapo. Imekuwa kijani."

Alijaribu kuifunga kwenye mti wa fagio. Ikashika kwa dakika moja, upepo ukaisukuma, taa ikarudi nyekundu. Alijaribu kuining'iniza kwenye msumari, ikakataa kabisa. Modemu ile ilitaka mkono wa mtu, mkono wa kuifuata ikikengeuka.

"Basi kesho nitasimama hapa ibada yote," alisema Kibe. "Mkono juu kama mtoto anaomba ruhusa ya kwenda choo."

"Na kamera?"

"Kamera iko na miguu mitatu. Inanishinda mimi."

Phelista hakucheka. Kwa mwaka mzima Kibe hakuwahi kuiacha kamera hata dakika moja, na sasa alikuwa anaiacha siku ambayo yeye alimhitaji kuliko siku zote.

Kazi hii ilianza mwaka uliopita, elfu mbili na nane. Watoto wengi wa kanisa lile la Kitale walikuwa wameenda nchi za mbali, wengine kusoma, wengine kuuguza wazee wa wazungu. Pasta Mukhisa akaona ni vizuri wapate ibada ya nyumbani kwenye kompyuta. Akamwita Kibe, kijana aliyekuwa na kibanda cha saiba, cha kutumia intaneti, karibu na soko, fundi wa simu na wa kila kitu chenye waya. Kibe akaazima kamera ya mpiga picha wa harusi, akairekodi ibada. Hakuna aliyeitazama. Ilikuwa saa moja na nusu ya Pasta akionekana kwa mbali, mdogo kama punje ya maharagwe, akinyoosha mkono.

Hapo Kibe akasema neno ambalo wazee walilichukia kwanza, kisha wakalikubali. Alisema mtu aliye mbali hatafuti mahubiri peke yake, mahubiri hata huko yapo. Anatafuta kusikia mvua ikipiga mabati. Anataka kuona kofia za akina mama, na kusikia jina la mama yake likitajwa. Ndipo wakaanzisha Salamu za Nyumbani. Kabla ya nyimbo, Phelista alisimama kando ya mimbari akawasalimia walio mbali mmoja mmoja kwa majina, akawaambia ng'ombe wa nani amezaa, barabara ya Kamukuywa imekuwaje baada ya mvua, nani amevuna na nani bado anapalilia.

Lakini siku ya kwanza hakuweza. Aliangalia chini, akaongea kama mtu anayeandikisha kesi kwa chifu.

"Siwezi kuongea na chuma," alimwambia Kibe, machozi yakiwa karibu.

Kibe akachuchumaa nyuma ya kamera, kichwa chake kikatokeza juu tu ya kioo. "Basi usiongee nayo. Ongea na mimi."

Akaongea naye. Maneno yakatoka, na tabasamu nalo likatoka lenyewe. Tangu siku hiyo watu wa mbali wakaanza kuandika. Walisema yule msichana akiwaangalia, wanasikia kama wamekaa jikoni kwa mama zao. Jumapili baada ya Jumapili Phelista alimwangalia Kibe na kumwambia habari za kijiji, na Kibe akaziokota na kuzituma duniani. Hawakuwahi kukitaja kitu kile kwa jina lake. Hata hivyo, msichana anayeuza mbegu dukani wiki nzima akiingoja Jumapili anajua vizuri anachongoja.

Huko Marekani, mahali panaitwa Minesota, mtu mwingine naye aliingoja Jumapili. Wakoli alikuwa mwana wa Bungoma, muuguzi, mtu wa miaka thelathini na tano anayeishi peke yake kwenye baridi. Aliyaona yale macho kwenye kompyuta yake akafikiri ni yake. Nani wa kumlaumu? Alimwandikia Pasta barua ya heshima, na Phelista mwenyewe barua ambazo hakuzijibu. Kisha akalitumia kanisa kamera mpya, hii hii yenye miguu mitatu. Mwishowe akamtuma mjomba wake Kamukuywa kwa Mzee Wanyonyi, baba yake Phelista, kuposa.

Kuku akachinjwa. Mzee Wanyonyi akamkabidhi mjomba wa Wakoli firigisi, na mbele ya wazee akatoa neno lake. Neno lililotolewa juu ya firigisi halirudi mdomoni. Phelista aliitwa mwisho, akapiga magoti mlangoni. Hakuna aliyemuuliza kama anapenda. Walimuuliza kama ana la kusema, na mbele ya wazee kumi waliokwisha kula, msichana atasema nini? Akasema hana.

Jumapili mbili zilizofuata, tangazo la ndoa lilisomwa kanisani. Lilikuwa limebaki la tatu, la kesho. Wakoli aliomba kitu kimoja tu. Siku hiyo ibada iende laivu, aione na kuisikia mwenyewe saa ile ile, hata kama kwao itakuwa usiku.

"Laivu ni nini hasa?" Phelista alikuwa ameuliza.

"Ni kwamba hakuna mkasi," Kibe alimjibu. "Zile zingine mimi hukata kikohozi, nakata mtoto akilia. Hii, kitu ikitoka imetoka. Itafika kule imechelewa kidogo, kama nusu dakika, kama mwangwi wa mlimani. Lakini itafika vile ilivyo."

Sasa Kibe alishuka kwenye kiti. Walisimama meza ikiwa katikati yao, na kamera juu ya meza. Alichukua kitambaa akaanza kufuta kioo ambacho hakikuwa na vumbi.

"Kukhu amejua," Phelista alisema.

Mkono wa Kibe ukasimama.

Phelista akamweleza. Jumatano alikuwa ameenda nyumbani Kamukuywa kupimwa gauni. Jioni bibi yake, Kukhu Nanyama, aliomba awekewe sidii aliyorekodi Kibe, ya tangazo la pili, kwenye televisheni ya betri. Kukhu si mtu wa haraka. Aliitazama mara ya kwanza kimya, akaomba irudiwe. Mara ya pili akasogeza kiti. Mara ya tatu akaweka mkono kwenye paji la uso, kama mtu anayetazama njia.

"Akasema nini?"

"Akasema, 'Huyu msichana wetu hatuangalii sisi. Macho inapita juu kidogo. Kuna mtu amesimama nyuma ya vichwa vyetu.' Halafu akageuka nyuma ya kiti, ati aone ni nani."

Kibe alitaka kucheka. Kicheko kikafika kooni kikarudi. "Kumbe ndiyo baba yako akajua?"

"Alikuwa hapo mlangoni."

Mzee Wanyonyi hakuwa amepiga kelele. Afadhali angepiga. Alivua kofia, akaivaa tena, akasema kwa sauti ya chini kwamba Jumapili atakaa benchi la mbele, na atayafuata macho ya binti yake popote yatakapokwenda. Yakienda kwa yule kijana wa kamera, siku hiyo hiyo atamrudisha Kamukuywa, na hatatoka boma mpaka siku ya harusi.

"Ndiyo maana nimehamia dirishani," Kibe alisema. "Niliambiwa na binamu yako Emmy vile mzee amesema. Nikikosa hapo nyuma ya kamera, macho yako haitakuwa na mahali pa kwenda. Utakuwa salama."

"Umehamia, ama umetoroka?"

"Phelista."

"Si nauliza tu."

Nje, mahindi ya jirani yalikuwa yameanikwa kwenye maturubai, na mwanamke mmoja alipita akiyageuza kwa miguu, shwaa, shwaa, shwaa. Walimngoja apite mlango, kama vile kila mara walivyongoja watu wapite mlango.

"Kesho Pasta atauliza mwenye pingamizi," Phelista alisema. "Wewe inua mkono."

Katika kanisa lile hakuna aliyeruhusiwa kupinga ndoa kwa mdomo. Miaka ya nyuma mwanamke mmoja alisimama akapiga mayowe, viatu vikarushwa, na bibi harusi akazirai. Tangu hapo Pasta Mukhisa akaweka sheria. Mwenye pingamizi anainua mkono kimya, tangazo linasimama, wanaenda kuzungumza ofisini. Mkono mmoja tu. Kwa miaka sita hakuna mkono ulioinuka.

Kibe alikunja kile kitambaa mara mbili, mara nne, mpaka kikawa kidogo kama kidole. "Mama alinishika juzi tukipakia viazi," alisema. "Aliniuliza, 'Kibe, shamba letu limepakana na nani?' Nikamwambia, na watu wa kina Phelista, pande tatu. Akauliza, 'Na upande wa nne?' Nikamwambia ni mto. Akasema, 'Basi siku utamnyang'anya mzee wao binti mbele ya watu, mimi nitahamia kwa mto?'"

"Ukamjibu nini?"

"Niliendelea kupakia viazi."

"Kwa hivyo utanyamaza."

"Na wewe je? Mdomo ni wako, na hiyo ndoa ni yako. Mbona usiseme wewe?"

"Nimvue baba nguo mbele ya kanisa? Alishatoa neno, Kibe. Mimi mwenyewe nilipiga magoti nikasema sina la kusema." Akaigeukia kamera. "Na huyo Wakoli hajanikosea. Angekuwa mtu mbaya ningepata pa kushika. Ni mtu mzuri. Ameleta hata hii kamera. Kila mahali nikigeuka ni mtu mzuri amesimama."

Kibe alimwangalia. Si kwa kuiba, si kwa nusu dakika kama siku zote. Alimwangalia mpaka Phelista akasikia masikio yanapata moto. Hapo ndipo angesema. Midomo yake ilifunguka. Kisha akaliangalia lile jiwe la mlangoni, akaweka kitambaa chini.

"Kesho ukisimama pale, angalia kioo katikati," alisema kwa sauti ya fundi. "Ni rahisi. Umeshazoea."

Phelista aliinama akaitazama kamera. Ndani ya kile kioo alijiona, mdogo, amepinduka, kichwa chini miguu juu, amezungukwa na weusi pande zote.

"Ulinifundisha kuongea na wewe," alisema. "Sasa unaniacha na chuma."

Akatoka. Alijikwaa kwenye jiwe, lakini hakugeuka.

Jumapili kanisa lilijaa mpaka watu wakasimama nje. Habari ya kuonekana laivu Marekani ilikuwa imezunguka, na kila mama alivaa kofia yake kubwa. Mzee Wanyonyi alikaa benchi la mbele kama alivyosema, na kando yake mjomba wa Wakoli aliyevalia koti la suti lenye vifungo vya dhahabu. Kukhu Nanyama aliketi mwisho wa benchi upande wa ukuta, amekumbatia fimbo yake. Mama yake Kibe alikuwa katikati ya wanawake, macho chini.

Emmy, binamu yake Phelista, alikaa kwenye kompyuta ili asome maneno ambayo watu wa mbali wangeandika. Na Kibe alisimama juu ya kiti chake dirishani, mkono wa kuume juu, modemu kwenye vidole. Watu wakamzoea haraka. Baada ya wimbo wa pili hakuna aliyemwona tena, kama vile mtu asivyoiona nguzo.

Phelista alisimama mahali pake. Kamera ilimtazama. Juu ya kioo hapakuwa na nywele zilizovurugika, wala paji la uso lenye jasho, wala lile jicho moja lililokuwa likimkonyeza alipokosea. Palikuwa na ukuta tu, na kalenda ya duka la mbegu.

Alisoma salamu. Alitaja majina yote. Alisema mvua imekawia na mahindi yanakauka vizuri, na kwamba mama yake Edah amepona mguu. Sauti yake ilitoka kavu kama ya siku ile ya kwanza. Emmy alinong'ona kwamba mtu wa Kanada ameandika, anauliza kama dada ni mgonjwa. Mzee Wanyonyi aliyafuata yale macho, na hayakwenda popote. Akaitikia kwa kichwa, ameridhika. Hilo ndilo lilimuuma Phelista zaidi. Kwa mara ya kwanza alikuwa ameongea na watu bila upendo wowote, na baba yake amefurahi.

Kisha Pasta Mukhisa akafungua karatasi.

Alisoma tangazo la tatu pole pole, akiitazama kamera, kwa sababu bwana harusi alikuwa ndani yake. Alitaja jina la Wakoli na ukoo wake, jina la Phelista na ukoo wake. Akasema hii ndiyo mara ya tatu na ya mwisho. Akasema, mwenye pingamizi ainue mkono sasa.

Akaangalia upande wa wanaume, akaangalia upande wa wanawake. Phelista aliangalia sakafu. Akasikia Pasta akivuta pumzi ya kumalizia, na pumzi ile ikakatika katikati.

Pasta alikuwa ameangalia dirishani.

Vijana wa nyuma wakaanza kucheka, halafu wakaacha. Kichwa kimoja kikageuka, kikafuatwa na kingine, mpaka kofia zote kubwa za akina mama zikawa zimeelekea upande mmoja. Kibe alikuwa pale pale juu ya kiti, mkono wake umeinuliwa kuliko mkono wowote uliowahi kuinuliwa katika kanisa lile.

Pasta Mukhisa ni mtu wa utaratibu. Sheria aliiweka mwenyewe, na mkono ulikuwa juu. Alishusha karatasi.

"Kibe," alisema. "Huo mkono ni wa mtambo, ama ni wa pingamizi?"

Kwa kweli lilikuwa swali rahisi. Angesema ni wa mtambo, watu wangecheka, Pasta angemalizia, na kabla ya saa sita Phelista angekuwa mke wa mtu kwa maneno. Kibe alimwangalia mama yake. Mama yake alikuwa ameinua uso, na uso wake haukusema ndiyo wala la. Akamwangalia Phelista. Waliangaliana hapo, mbele ya kanisa lote na mbele ya Mzee Wanyonyi, na safari hii hapakuwa na kamera katikati.

"Pasta," Kibe alisema, "uliinuka kwa ajili ya mtambo. Lakini vile umeuliza, siwezi kuushusha."

Juu, mabati yakasikika yakilia kwa joto la jua.

Mjomba wa Wakoli ndiye alisimama kwanza, akisema hiyo mashine izimwe, ni aibu, kijana wetu anaona. Mzee Wanyonyi akasimama baada yake. Alikuwa ameshika kofia kwa mikono miwili.

"Kijana," alisema, "shusha mkono."

Kila mtu alielewa. Mkono ukishuka, pingamizi limeshuka, na taa imerudi nyekundu, na Wakoli amekatika huko kwenye baridi yake bila kujua kilichotokea. Kisha yangefuata maneno ya ofisini, mlango ukiwa umefungwa, wazee kumi na msichana mmoja aliyepiga magoti. Phelista aliuona mlango huo ukifungwa. Alijua akiingia hapo atasema tena hana la kusema.

Hakumtazama baba yake. Angemtazama asingeweza. Alisogea mbele hatua mbili, karibu na kamera kuliko alivyowahi kusogea, na akaangalia kioo katikati, ndani kabisa, mahali alipojiona jana amepinduka.

"Kaka Wakoli," alisema. "Leo ndiyo mara ya kwanza nakuangalia wewe."

Mtu mmoja upande wa akina mama alishika mdomo.

"Siku zile zote ulifikiri nakuangalia. Si kosa lako. Mimi sijui kuongea na chuma, nilikuwa naongea na mtu alikuwa juu yake kidogo. Wewe uliona tu upendo unapita, ukafikiri unakuja kwako. Baba yangu hakujua. Hakuna mtu alikudanganya isipokuwa macho yangu, na nayo haikujua kuna mtu anaingoja huko."

Akaishia hapo.

Hapo ndipo ilianza ile nusu dakika. Maneno yalikuwa yanasafiri. Mzee Wanyonyi alibaki amesimama, na mjomba wa Wakoli naye, hakuna aliyejua akae au atoke. Kibe alikuwa anatoka jasho. Alikuwa ameushika mkono juu saa nzima, na sasa ulianza kutetemeka, na taa ya modemu ikawa inapepesa, kijani, nyekundu, kijani.

"Bado yuko?" Pasta aliuliza kwa sauti ya chini.

"Bado yuko," Emmy alisema. "Hajaandika."

Nyekundu. Kijani.

"Anaandika," Emmy alisema. Kisha akasogeza uso karibu na kompyuta, na alipoongea tena hakuwa akisoma kama mtu wa kazi. "Ameandika, 'Nilikuwa nashangaa kwa nini hajawahi kunijibu hata barua moja.'"

Watu wakangoja.

"Ameandika tena. 'Mwambieni huyo kijana asishushe mkono. Nataka kusikia mpaka mwisho.'"

Lakini mkono ulikuwa unashuka wenyewe. Kibe aliuma midomo, akaushika kwa mkono wa pili, kiti kikayumba. Taa ikawa nyekundu, ikakaa nyekundu.

Ndipo fimbo ikasikika sakafuni. Kukhu Nanyama alikuwa ameinuka mwisho wa benchi. Hakumwomba mtu ruhusa na hakuharakisha. Alitembea kando ya ukuta, hatua kwa hatua, kanisa lote likimngoja, mpaka akafika chini ya dirisha. Akaigeuza fimbo yake, upande wa mpini juu, akauweka ule mpini chini ya kiwiko cha Kibe, akasukuma.

Mkono ukapanda. Taa ikawa kijani.

"Baba yake Phelista," mama mzee alimwambia mwanawe bila kugeuka, "keti. Unaziba kamera."

Mzee Wanyonyi aliangalia kofia yake. Aliangalia mlango, na jiwe lililoushikilia wazi. Kisha akaketi, si kama mtu aliyekubali, bali kama mtu aliyechoka kusimama peke yake.

"Haya," Pasta Mukhisa alisema, akaikunja karatasi na kuiweka mfukoni. "Endelea, binti."

Phelista aligeuka kwenye kamera. Juu ya kioo hapakuwa na mtu. Akaangalia katikati, akavuta pumzi, akaanza kusimulia tangu siku ile ya kwanza.